Kupendezesha uso wa duka Nairobi: ujilipie, ukubali rangi ya kampuni, au safu nzima ichange?

Safu nyingi za maduka mitaani, iwe Umoja, Kayole, Kawangware au Zimmerman, zimejengwa kwa namna moja: juu nyumba za kupanga, chini maduka 8 hadi 15, kila moja na rangi yake, kivuli chake cha mabati, na taa yake au giza lake. Mteja anayeshuka kwenye matatu saa moja jioni hupita upande wenye mwanga na usio na matope, na huko ndiko anakonunua mkate na maziwa. Wenye maduka wanalijua hilo. Ndiyo maana hakosekani anayetaka kupaka rangi, anayeahidiwa bango la bure na kampuni, na anayesema "tuchange". Njia hizi hazigharimu sawa wala hazidumu sawa, na faida ya kila moja humwendea mtu tofauti.

Tunalinganisha nne: kujilipia, kukubali rangi na bango la kampuni, mpango wa pamoja wa safu nzima, na kazi ya serikali kwenye barabara na njia ya miguu. Msimamo wetu ni huu. Maduka sita au zaidi yaliyopakana yakikubaliana, mpango wa pamoja unazishinda zote, mradi pesa zake zipangwe kwa kuangalia mfuko wa mwenye duka wa hapa. Yasipokubaliana, jilipie kwanza mambo mawili tu, taa na njia ya maji, rangi ifuate baadaye. Bango la kampuni likubali pale masharti yake yameandikwa. Serikali iombwe kazi ambayo ni yake, na isisubiriwe kwa kazi iliyo yako.

Kujilipia mwenyewe

Uzuri wa njia hii ni kasi. Huiti mkutano, na ukianza Jumatatu Jumamosi umemaliza, mradi plasta haitaki kupigwa upya. Vipimo vyenyewe si vikubwa. Duka la upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 3 lina uso wa mita za mraba 10.5. Toa mlango na dirisha, tuseme mita za mraba 5. Ukuta unaobaki ni 5.5. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye plasta ya kawaida, kwa hivyo kupaka mara mbili kunataka lita 1.1 hadi 1.4. Mlango wa chuma ndio unaokula rangi kuliko ukuta. Ukifunguliwa, upande wa ndani ndio unaoonekana mchana kutwa, kwa hiyo unapakwa pande zote mbili: pamoja na dirisha la chuma ni mita za mraba 10, praima ya kuzuia kutu mara moja, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Hesabu lita 2 za rangi ya mafuta.

Kinachoharibika kwanza ni sentimita 60 za chini. Mvua ikidunda ardhini hurusha matope ukutani, na unyevu hupanda kutoka kwenye msingi. Rangi huvimba kisha hubambuka. Kupaka tena juu yake ni kupoteza pesa, kwa sababu unyevu uko nyuma ya rangi. Kwangua hadi kwenye plasta ngumu, toa plasta iliyooza, piga mpya yenye saruji, kisha sehemu hiyo yote hadi kimo cha sentimita 60 au 90 uifanye kwa vigae au rangi nzito ya giza inayoosheka. Plasta mpya ipewe wiki nne kabla ya rangi ya mafuta. Ukiharakisha, chumvi ya saruji hutoka nje na kuacha madoa meupe ambayo fundi atalaumiwa nayo bure.

Unaposugua rangi ya zamani tumia msasa wa maji, usisugue kavu. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake hutua kwenye mandazi na mikononi mwa watoto. Kikomo cha Kenya cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni kinahusu rangi inayouzwa sasa. Hakiiondoi iliyokwisha kuwa mlangoni.

Taa ni kazi ndogo yenye faida kubwa. Nunua ya LED ya wati 20 yenye alama ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya mvua, iwekwe kimo cha mita 2.8 hadi 3, iangalie chini mbele ya mlango badala ya kumulika macho ya mpita njia. Ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti 0.24, sawa na uniti 7.2 kwa mwezi. Hata ukikadiria shilingi 30 kwa uniti, ni shilingi 216 za tokeni. Ongeza swichi inayojiwasha yenyewe giza likiingia, kwa sababu taa inayotegemea mtu kuikumbuka huzimwa anapofunga duka, wakati ambapo mtaa unaihitaji zaidi.

Upungufu wa kujilipia huonekana mpakani. Kivuli cha mabati ulichoweka kwa kimo chako humwaga maji mbele ya jirani, naye akiweka chake juu ya chako, maji yanarudi kwako. Unanunua kopo la lita 4 kwa kazi ya lita moja na robo. Linalobaki hukauka nyuma ya kaunta. Na taa moja katikati ya maduka yenye giza haimvuti mtu kutoka stendi, maana ili aifikie lazima apite gizani.

Rangi na bango la kampuni

Kampuni za simu, soda, unga na saruji hupaka maduka bila malipo ili duka liwe tangazo. Kwa wakala wa pesa za simu hili lina maana ya kweli: mteja mgeni mtaani anatafuta rangi anayoijua kabla ya kutafuta jina. Kwa duka jipya ambalo mtaji wote umeishia kwenye bidhaa, pia ni afueni.

Kwa wengine ni biashara mbaya kuliko inavyoonekana. Nairobi watu huelekezana kwa rangi: "pita hadi duka la bluu, halafu ingia kushoto." Safu nzima ikipakwa rangi moja ya kampuni, duka lako limepoteza anwani yake. Kinyozi aliyejenga jina kwa miaka anageuka kuwa mistari miwili midogo chini ya nembo ya mtu mwingine.

Ubora nao una sababu zake. Kikundi kinachopaka maduka mengi kwa siku moja hakina muda wa kukwangua, kuosha wala kupaka praima. Rangi inakaa juu ya vumbi na kutu, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuifungua. Hapo anayeonekana mchafu ni wewe, kwa sababu mteja haendi kulalamika makao makuu ya kampuni.

Kabla ya kukubali, yaandikwe haya kwenye karatasi moja yenye sahihi: jina la duka lichukue angalau theluthi moja ya bango, nani analipa ada ya tangazo kwa kaunti, maana Kaunti ya Nairobi hutoza matangazo ya nje na askari wa kanjo humwendea aliye dukani, muda wa makubaliano, ambao usizidi miezi 12, nani anapaka upya au kuondoa bango muda ukiisha, na kwamba hukatazwi kuuza bidhaa za mshindani. Mwenye nyumba naye apewe nakala. Ukuta ni wake, na akigundua baadaye kuna tangazo juu yake, anaweza kudai lishushwe au alipwe. Mwakilishi akikwambia karatasi si lazima, mwache aende. Kampuni inayotaka ukuta wako itarudi na karatasi.

Safu nzima kwa pamoja

Wazo la mji kuchangia uso wa duka limefanyiwa kazi sana Marekani. Miji mingi humrudishia mwenye duka sehemu ya gharama, mara nyingi nusu, hadi kikomo fulani, kazi ikishakamilika na risiti zikishaonekana. Baadhi hutumia ruzuku ya serikali kuu ya maendeleo ya jamii iliyoanza mwaka 1974. Chicago ina mfuko unaotumia ongezeko la kodi ya majengo katika maeneo maalumu. Kando na hapo kuna mpango wa Main Street wa shirika la National Trust for Historic Preservation, uliofanyiwa majaribio kuanzia 1977 katika miji midogo mitatu, Galesburg, Madison na Hot Springs, kisha ukawa wa taifa mwaka 1980. Funzo lake lingali na uzito: uso wa duka ni mguu mmoja kati ya minne. Mingine ni kuwaunganisha wafanyabiashara, kutangaza mtaa, na kuimarisha biashara zenyewe. Rangi peke yake haijazi duka wateja.

Toronto nako, mwaka 1970, wafanyabiashara wa Bloor West Village walipata njia ya kisheria ya kulipisha ada ya lazima kila biashara iliyo ndani ya eneo lao, ili asiwepo wa kula bure jasho la wenzake. Hapa kwetu michango ni ya hiari, na hilo ndilo linalobadilisha mpango mzima.

Tuanze na malipo, kwa sababu hapo ndipo mipango ya pamoja huzama. Njia ya kurudishiwa inaulinda mfuko vizuri kabisa: hakuna kazi, hakuna pesa. Lakini chukulia kazi ya duka moja ni shilingi 40,000. Mwenye duka la mtaani hana 40,000 za kukaa miezi mitatu zikisubiri kurudi; zilizopo ni za mzigo wa kesho. Akizitoa, rafu zinabaki tupu nyuma ya mlango unaong'aa, na mteja aliyevutwa na rangi anaondoka mikono mitupu. Anayefaidika na mfumo huo ni yule mwenye maduka matatu, ambaye hakuhitaji msaada. Kumpa mtu pesa taslimu mapema nako kuna hatari yake, hasa Januari, karo ikiwa mlangoni.

Njia tunayoipendekeza ni ya tatu: mfuko ununue vifaa kwa jumla na kumlipa fundi moja kwa moja, naye mwenye duka achange sehemu yake kidogo kidogo kabla ya zamu yake kufika. Kwa mfano huo wa 40,000, nusu yake ni 20,000. Kwa wiki nane ni 2,500 kwa wiki. Duka likishafika robo tatu ya mchango linaingia kwenye ratiba. Fundi alipwe ujira kwa awamu: asilimia 30 akianza, 50 akimaliza, 10 baada ya ukaguzi, na 10 ya mwisho ishikwe hadi mvua kubwa ya kwanza ipite na kivuli kisivuje. Fundi wa jua kali hupinga kushikiliwa pesa, na ana haki ya kuogopa. Mpe sababu ya kungoja: kazi ya safu inayofuata, au mkataba mdogo wa matengenezo.

Akiba ya kununua pamoja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maduka kumi kwa lita 1.4 ni lita 14 za rangi ya ukuta, na ndoo moja ya lita 20 ya nyeupe, kila duka likichanganyiwa rangi yake, inayatosha na kubakisha ya kurekebisha. Kila mmoja akienda hadweya peke yake, kumi hao watanunua makopo kumi ya lita 4, yaani lita 40. Zaidi ya nusu ya pesa ya rangi imelipia rangi itakayokauka.

Je, wote wapake rangi moja? Hapana, na kamati inayolazimisha hivyo hujiletea ugomvi usio na faida. Fanyeni sawa vitu vitatu: sehemu ya giza ya chini kwa kimo kimoja, kivuli kwa kimo kimoja, na ukanda wa mabango wa sentimita 60 juu ya milango. Mlango na ukuta kila mtu achague. Safu inaonekana imepangwa, na "duka la bluu" linabaki la bluu. Kwenye ukanda huo, herufi za sentimita 10 husomeka vizuri kutoka mita 12 hivi. Anayepita ng'ambo ya barabara pana, mita 25, anataka sentimita 20. Bango linalobanwa na orodha ya bidhaa kumi na mbili kwa herufi za sentimita 4 halisomwi na mtu yeyote asiyekuwa tayari mlangoni; jina na kazi kuu vinatosha.

Kivuli cha pamoja ndicho kinacholipa kuliko yote, na ndicho kinachoweza kuua mtu kikifanywa ovyo. Maduka kumi ya mita 3.5 ni urefu wa mita 35. Kikitokeza mita 1.2, eneo ni mita za mraba 42. Mvua ya milimita 30 ndani ya saa moja, ambayo Aprili haishangazi, inamwaga hapo lita 1,260. Bila mfereji wa mabati na mabomba mawili ya inchi 4 yanayoshuka hadi mtaroni, maji hayo yote yatachimba shimo mbele ya milango. Weka mteremko wa sentimita 12 kutoka ukutani hadi ukingoni, na ukingo uwe angalau mita 2.4 juu ya njia. Tumia mabati ya geji 28. Ya 30 ni membamba zaidi, hupiga kelele na hukunjika upepo ukiinua. Fremu iwe ya bomba mraba la milimita 40 kwa 40, geji 16, na mikono ya kushikilia kila mita 1.2.

Boliti zishike zege la boriti, kamwe zisishike jiwe au tofali la kujazia ukuta. Kivuli huanguka kwa namna moja: jiwe linameguka kwenye tundu la boliti, mkono mmoja unalegea, uzito unahamia wa pili, kisha kipande kizima kinashuka pamoja na aliyepanda kusafisha majani. Fundi asipojua boriti iko wapi, akwangue plasta aione kabla ya kutoboa. Nguzo za kusimama kwenye njia ya miguu msiziweke, kwani ziko kwenye hifadhi ya barabara na zitakatwa siku ya msako. Nyaya za Kenya Power zikipita karibu na ukuta, kazi ya juu ingoje hadi waje wahakikishe usalama. Ngazi ya chuma na bomba la mita 6 mkononi havina nafasi ya kosa.

Kuhusu taa, kuna kishawishi cha kuweka mita moja ya pamoja. Tunashauri kila taa ichukue umeme kwenye mita ya duka lake. Mita ya pamoja huzimika tokeni zikiisha Ijumaa jioni na kila mtu akidhani ni zamu ya mwenzake. Safu nzima inakuwa giza kwa ajili ya mia mbili. Mita za mtu mmoja mmoja zikikatika, linazima duka moja tu. Taa za sola zilizounganishwa na betri hazina tokeni, lakini wati zilizoandikwa kwenye boksi zisichukuliwe kama ukweli, na vumbi la Eastlands likiganda juu ya kipande cha sola, taa inakata kabla ya usiku wa manane. Zifae pale tu ambapo kuna mtu aliyepewa kazi ya kuzifuta kila wiki mbili.

Kundi lenyewe lisajiliwe. Chini ya sheria ya usajili wa makundi ya kijamii ya mwaka 2022 linahitaji wanachama wasiopungua 10. Maduka yakiwa manane, waingizeni mshonaji wa barazani na mama mboga wa mbele. Wanapitiwa na wateja wale wale, na mpango unaowafukuza hupunguza watu wanaosimama kwenye safu. Mchorieni mama mboga nafasi yake chini ya kivuli, mita moja na nusu kwa mita moja, kando ya nguzo ya ukuta, pasipoziba mlango. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, na anayeuza vifaa asiwe mmoja wao.

Atakuwepo anayekataa kuchanga, na huenda kuna duka lililofungwa. Pengo la duka moja katikati huharibu sura ya yote. Mwenye nyumba akikubali, mfuko ulipie sehemu ya giza ya chini na ukanda wa bango wa duka hilo. Ni rangi ndogo sana, na ni nafuu kuliko mikutano mitatu ya kumshawishi.

Mwenye nyumba, ambaye yumo katika njia zote

Hofu ya mpangaji ni moja: nipendezeshe, halafu kodi ipande. Wengi hawajui kuwa sheria iko upande wao kwa sehemu. Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, huuhesabu upangaji usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, kuwa upangaji unaolindwa. Katika upangaji huo, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wala kupandisha kodi kwa neno la mdomo kupitia kwa keateka. Lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, ya muda usiopungua miezi miwili, ikieleza sababu. Mpangaji asiyekubali hujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja na kupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Asiyejibu kwa wakati hujinyima kinga hiyo mwenyewe.

Baraza hilo pia lina uwezo wa kuamuru mpangaji anayeondolewa alipwe fidia ya maboresho aliyoyafanya kwa idhini ya mwenye nyumba. Maneno mazito hapo ni "kwa idhini". Kwa hivyo hata kama unapaka kwa pesa zako, chukua barua ya mistari mitano: kazi gani itafanyika, gharama yake, kwamba mwenye nyumba ameridhia, kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya kazi hiyo kwa miezi 24, na kilicho cha nani siku ya kuhama. Kivuli kilichofungwa kwa boliti kibaki. Taa na herufi za bango uondoke nazo. Piga picha za kabla na baada, weka risiti. Mwenye nyumba mwenye busara huona kwamba jengo lake limepanda thamani bila kutoa senti, na wengi hukubali kuchangia mabomba ya maji au plasta ya chini wakiombwa na safu nzima mara moja. Mpangaji mmoja akiomba peke yake, huambiwa "tutaangalia".

Kazi ya serikali

Njia ya miguu, mtaro na taa za barabarani si za mwenye duka. Luthuli Avenue ilipofanyiwa kazi mwaka 2019, barabara ilifanywa ya kwenda upande mmoja na njia za miguu zikapanuliwa. Miaka iliyofuata Nairobi Metropolitan Services, chombo cha serikali kuu kilichoendesha baadhi ya huduma za jiji wakati huo, ilipanua njia za miguu katikati ya jiji, ikiwemo Muindi Mbingu na Wabera. Uzuri wake hakuna chama kinachoweza kuufikia. Lakini kazi ya namna hiyo huishia ukutani: haigusi mlango wako. Na wakati wa ujenzi mbele yako ni mchanga na mitaro, kwa hivyo kabla ya kupaka chochote uliza ofisi ya wadi na wahandisi wa barabara kama kuna kazi inayokuja. Kupaka mwezi mmoja kabla ya kuchimbwa ni hasara tupu.

Mkipewa ruhusa kwa maandishi ya kutandika kabro, yaani matofali ya zege ya njia, wenyewe, vipimo ni hivi. Mita 35 kwa mita 2 ni mita za mraba 70. Kabro za sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa kila mita ya mraba, yaani 3,500, na asilimia 5 za zitakazovunjika zinafikisha 3,675. Unene wa milimita 60 unatosha watu na mikokoteni. Pale pikipiki na magari ya mzigo yanapopanda, 80. Chini kuwe na kokoto na moramu iliyoshindiliwa ya milimita 150, kisha vumbi la mawe la milimita 30 hadi 40. Mafundi hupenda kuficha mabonde kwa kuongeza vumbi la mawe hadi milimita 100, na hapo ndipo njia huzama kwa mawimbi baada ya mvua. Ukingo wa zege uwepo pande zote zilizo wazi, la sivyo kabro za pembeni hutawanyika na kuvuta zinazofuata. Mteremko uende mbali na mlango, sentimita 2 kwa kila mita.

Tunapendelea kabro kuliko zege la kumwaga kwa sababu ya wachimbaji. Kampuni ya maji au ya intaneti ikipita, kabro huinuliwa na kurudishwa. Zege hukatwa na kuachiwa kovu la udongo. Njia ikiinuliwa kwa kimo sahihi huondoa pia kizingiti cha mlango. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8 kwa anayetumia kiti cha magurudumu, na huo hula njia yote. Ni nafuu kuinua njia yenyewe karibu na kimo cha sakafu, mradi maji yasielekee ndani.

Lini, na kwa mpangilio gani

Maji kwanza, kisha kivuli, umeme, plasta, rangi, na mabango mwisho. Anayeanza na rangi hupaka mara mbili, kwa sababu fundi wa kuchomelea atairushia cheche na fundi umeme ataitoboa. Januari na Februari ndiyo miezi bora. Juni hadi Septemba inafaa pia, ila Julai ukuta haukauki upesi. Pakeni kuanzia saa nne asubuhi, na muache siku nzima kati ya kupaka kwa kwanza na kwa pili. Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, tumieni kukagua uvujaji na kukusanya michango. Fanyeni maduka mawili kwa wakati mmoja, mkianza na yale yaliyo karibu na stendi, na duka lisifungwe zaidi ya siku mbili mfululizo.

Hesabu ya watu ianze kabla ya kazi. Mtu mmoja asimame na karatasi saa kumi na moja hadi saa moja jioni, Jumanne na Ijumaa, wiki mbili, ahesabu wanaopita mbele ya safu na wanaoingia dukani. Rudieni siku hizo hizo baada ya miezi mitatu, katika wiki zile zile za mwezi, kwa kuwa mwisho wa mwezi mishahara ikitoka kila mtaa huonekana umefufuka. Wanaopita wakiongezeka lakini wanaoingia wabaki vile vile, mwanga umefanya kazi yake na shida imehamia kwenye bidhaa au bei. Wanaopita wasipoongezeka, angalieni kwanza taa za wapangaji wote usiku, moja moja, ni ngapi bado zinawaka.